Nyangumi Aliyepotea Kichwani mwa Mahadhi

Mahadhi wa Feri alikuwa muongo wa kutegemewa. Mtaa mzima wa Shela, pale Malindi, ulijua hivyo, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu uongo wake haukumdhulumu mtu na tena haukubadilika. Ukiusikia leo, ukija kuusikia baada ya miaka, ni ule ule, kila kitu kimekaa mahali pake. Wako watu wakweli chungu nzima wasioweza kufanya hivyo.

Uongo wake mkuu ulikuwa wa nyangumi. Mahadhi alikuwa fundi wa injini kwenye feri ya Kilifi hadi alipostaafu, na kwa maneno yake mwenyewe, siku moja injini ilizima katikati ya mlango wa bahari, juu ya feri kuna basi la abiria, lori la korosho, na bibi harusi wa Takaungu pamoja na mamake. Mkondo ukaanza kuwavuta kuelekea bahari kuu. Abiria wakalia. Mahadhi, yeye, akatoa spana yake, akainama, akagonga ubavu wa feri kwa utaratibu maalumu aliofundishwa na marehemu babu yake. Hapo akazuka nyangumi. Jicho moja tu lilikuwa kubwa kama sinia ya pilau. Akaweka kipaji cha uso, akaisukuma feri mpaka ng'ambo, halafu akagoma kuondoka. Anangoja ujira! Ikabidi mama wa bibi harusi afungue kijaluba chake na kumtupia tambuu. Nyangumi akatafuna, akatema, na ndiyo sababu, alisema Mahadhi, mchanga wa upande ule ni mwekundu mpaka leo.

Mkewe, Bi Zuleikha, alikisikia kisa hicho kila alasiri, kutoka jikoni, huku mumewe ameketi barazani na wenzake. Hakukereka. Zuleikha alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, na jikoni mwake hamkuwa na saa. Alipikia uongo wa mumewe. Injini ikizima, humimina unga kwenye chuma cha vitumbua. Jicho likitoka majini, hugeuza. Kijaluba cha tambuu kikifunguliwa, huepua. Chuma cha kwanza kilikuwa cha nyangumi, cha pili cha chui aliyepanda basi pale Gede bila tikiti, na cha tatu, kama kuna wageni, cha Mzungu aliyemezwa na mamba wa Sabaki akatoka na kofia yake. Wateja wakimsifu kwa vitumbua visivyoungua wala kubaki vibichi ndani, Zuleikha hucheka tu. Angewaambia nini? Kwamba mkono wake unageuka wenyewe mumewe anapofika kwenye sinia ya pilau?

Basi siku moja ya mwaka wa themanini na sita, injini ilizima kama kawaida. Zuleikha akamimina. Spana ikagonga. Mkono wake ukainuka na kile kijiti cha kugeuzia, ukangoja jicho.

Jicho halikuja.

"Kisha?" ilisikika sauti ya Muhdhar kinyozi, jirani yao, ambaye kazi yake pale barazani ilikuwa kuchokoza. "Nyangumi wako leo amechelewa feri?"

"Hakukuwa na nyangumi," akasema Mahadhi.

Jikoni, mafuta yakaanza kutoa moshi.

"Ati nini?"

"Hakukuwa na nyangumi. Kulikatika kamba ya usukani. Tukavutwa na boti ya Kahonzi mvuvi, tukafika, watu wakateremka."

Alisema hivyo kwa sauti kavu kama mtu anayesoma bei ya sukari. Hakucheka, hakukonyeza. Zuleikha alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni. Aliishi na mtu huyu tangu alipokuwa msichana, akazaa naye, akazika naye, na hakuwahi kumsikia akisema maneno hayo. Vitumbua viliungua vyote. Alipofika barazani, kijiti kingali mkononi, Mahadhi alikuwa chini, mwili unatikisika, povu limemtoka, na Muhdhar, aliyekuwa akimchokoza miaka yote hiyo, amemshika kichwa kwa mikono miwili akilia kama mtoto.

"Bi Zuleikha, naapa sijamgusa! Nilimwambia amechelewa feri tu!"

Walimpeleka hospitali, na hospitali ikawapeleka Nairobi, na huko wakamwingiza katika mashine kubwa inayopiga picha ndani ya fuvu. Kulikuwa na uvimbe, upande wa kushoto. Uvimbe mbaya, wakasema, ule unaokula. Wakamkata. Mahadhi akarudi Malindi na kovu lililopinda kama kiatu cha farasi, na alasiri ya kwanza kabisa nyangumi akazuka, jicho hilo, tambuu hiyo, mchanga mwekundu. Zuleikha aligeuza vitumbua vyake huku machozi yakidondoka kando ya jiko.

Miezi ikapita. Kisha, siku ambayo hakuna aliyekuwa akiitarajia, mkono wake ukainuka tena na kubaki hewani.

"Hakukuwa na nyangumi," Mahadhi akasema barazani. "Ilikuwa kamba ya usukani."

Safari hii Zuleikha hakungoja aanguke. Aliepua chuma, akavaa buibui, akaenda kutafuta gari.

*

Wakati huo kulikuwa na hospitali ya masista Kilifi, juu ya ule mteremko unaoshuka kwenda kwenye feri. Wafadhili kutoka Ulaya walikuwa wamejenga hapo chumba cha upasuaji kinachong'aa kuliko msikiti mpya, wakajaza mashine, wakaenda zao. Huyo aliyekuwa akizitumia mashine hizo alikuwa Daktari Kioko, Mkamba mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye wenzake wa Nairobi walimchoka. Alikuwa na wazo moja kuhusu uvimbe wa ubongo, na kila alipolieleza mkutanoni watu walitazama saa. Akaona afadhali aje Kilifi, aliko mgonjwa mmoja mmoja na hakuna mkutano.

Zuleikha alimleta Mahadhi kwake, baada ya kumpitisha Nairobi kupigwa picha mpya. Kioko akampokea, akamketisha, akamwuliza afya yake. Siku hiyo Mahadhi alikuwa na nafuu. Akamweleza daktari kisa cha nyangumi, chote, mpaka mchanga. Daktari Kioko akasikiliza akiandika, akaandika tena, kisha akamwita Zuleikha kando, uso umemsawijika.

"Mama, pole sana. Mzee akili imeshaguswa. Anaona vitu hazipo. Anasema alisukumwa na samaki."

"Nyangumi," Zuleikha akamsahihisha. "La, hapo ni mzima."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Akisema hakukuwa na nyangumi, hapo ndipo anaumwa."

Daktari alivua miwani. Alimtazama yule mwanamke mnene wa makamo, mkono una alama za mafuta ya moto, halafu akamtazama muuguzi wake, Mbeyu, msichana wa Ganze, aliyekuwa mlangoni akijiziba mdomo kwa kiganja.

"Sista Mbeyu, huyu mama anasema nini?"

"Anasema ukweli, daktari. Huyo mzee hata kwetu bara ya Ganze anajulikana. Kuna watu hupanda feri ya Kilifi kwenda kuangalia huo mchanga."

Kioko akazipangusa nguo zake ambazo hazikuwa na vumbi. Hakucheka. Akazichukua zile picha za Nairobi, mpya na za zamani, akazibandika kwenye kioo cha taa, akamwonyesha Zuleikha wingu jeupe ndani ya kichwa cha mumewe. Hapo walipokata kulikuwa na shimo. Na pembeni ya shimo, kitu kile kile, kimejaa upya.

"Walikata vizuri," akasema daktari. "Mimi siwezi kuwatukana. Lakini hiyo uvimbe sio kitu moja, mama. Chembe zake nyingi ni watoto. Zinakua, zinachoka, dawa inaziua. Lakini ndani yao kuna chache, mimi naziita mama. Hizo hazichoki. Zinazaa tu. Unaweza kuua watoto elfu elfu, ukaacha mama mmoja, na mwaka ukiisha mji umejaa tena."

"Na hao mama wanakaa wapi?"

"Hapo ndio wananicheka." Akaonyesha katikati ya picha, mahali peusi penye umbo la mbawa. "Hii ni maji. Ubongo iko na vyumba vya maji ndani yake. Mimi nafikiri mama wanajificha kando ya ukuta wa maji. Wanakaa hapo, wanatuma watoto nje."

Zuleikha aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Alikuwa na chungu nyumbani ambacho hakikuoshwa mpaka ndani tangu alipoolewa, maana kile kidogo cha jana kilichoganda kwenye ukingo ndicho kinachoumua unga wa leo. Hata akimwaga chungu kizima, ukingo ule hukiumua tena.

"Kwa hivyo Nairobi walimwaga unga," akasema polepole, "wakaacha chachu."

"Ndiyo, mama. Ndiyo hivyo."

"Na wewe unataka kusugua ukingo."

"Nataka kufika hapo, nisugue, halafu niache kijibomba kidogo chini ya ngozi ya kichwa, dawa iwe inadondoka ndani ya hiyo maji yenyewe, pale pale wanapokaa. Dawa ya sindano haifiki huko."

"Umeshamfanyia mtu?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Mmoja alikufa. Uvimbe haikurudi, lakini alishikwa na homa ya maji ya kichwa. Mwingine alirudi kwao Taveta. Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mama."

Mbeyu pale mlangoni alishusha macho, kwa maana alifikiri mambo yameishia hapo. Nani angempa mumewe daktari anayesema hajui? Lakini Zuleikha alikuwa amekaa na muongo maisha yake yote, na kama kuna jambo alilojua duniani kuliko vitumbua, ni hilo. Muongo hana "sijui". Umwulize nyangumi alikuwa na meno mangapi, atakutajia. Umwulize mama wa bibi harusi alivaa nini, atakutajia na rangi ya pindo. Mahadhi hangemwacha mtu wa Taveta hivi hivi. Angemwozesha, angempa mbuzi, angemfanya chifu.

"Mpasue," akasema.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na akajishtua mwenyewe.

"Iko jambo ingine," akasema Kioko. "Njia ya kwenda kwenye maji inapita karibu sana na mahali pa maneno. Nikigusa vibaya, mzee atapona na hatasema tena. Kwa hivyo nitafungua kichwa akiwa amelala, halafu nitamwamsha."

"Utamwamsha lini?"

"Katikati. Kichwa ikiwa wazi. Ubongo haina maumivu, mama, ni ngozi ndio ina uchungu, na hiyo tutaitia ganzi. Ataongea, na mimi nikikaribia mahali pa maneno, maneno yataharibika, nitajua nirudi nyuma. Shida ni kwamba..." Alikuna kidevu. "Shida ni kwamba mimi Kiswahili yenu ya huku, na hizo hadithi, siwezi kujua ni wakati gani zimeharibika."

Zuleikha alielewa kabla hajamaliza. Akakishika kiti.

"Wallahi siingii humo."

"Hakuna mtu mwingine, mama."

*

Walimvisha joho la kijani, wakamfunga kitambaa puani, wakamfunika nywele juu ya mtandio wake. Mbeyu akamnong'oneza, "Ukihisi kizunguzungu nishike mimi, mama. Usishike meza." Palikuwa na pazia la kitambaa: upande mmoja daktari na mambo yake, upande wa pili uso wa Mahadhi, umegeuzwa kando, na kigoda cha Zuleikha mbele yake. Walimwahidi hataona kitu.

Hakuna aliyeikumbuka ile taa. Ilikuwa taa kubwa ya duara juu ya meza, na ukingo wake wa chuma ulisuguliwa ukawa kioo. Zuleikha aliinua macho kuomba dua, akaona humo, kidogo na kimepinda, kitu cha rangi ya maziwa yenye damu, kina mifereji, na kinapumua. Kinapanda, kinashuka. Ndani ya kile mlikuwa na harusi yao. Mlikuwa na majina ya watoto, na njia ya kwenda dukani, na nyangumi. Akaushika mkono wa Mbeyu kwa nguvu hata msichana akaguta.

"Zule," ikasema sauti ya mumewe, yenye usingizi. "Mbona umevaa kama mwizi?"

"Nyamaza. La, usinyamaze! Sema. Daktari anataka kisa cha feri."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Ana tikiti?"

Nyuma ya pazia, Daktari Kioko alisema, "Aanze."

Mahadhi akaanza. Injini ikazima. Basi, lori la korosho, bibi harusi, mamake. Mkono wa kulia wa Zuleikha, uliokuwa mapajani, ulijikunja wenyewe kama ulioshika upawa, ukamimina. Hakuutuma. Kule nyuma kitu kililia ting, ting, kidogo kidogo. Spana ikagonga ubavu wa feri. Mkono ukashika kijiti kisichokuwepo, ukainuka.

"Akazuka..." akasema Mahadhi. "Aka..." Macho yake yakakauka. "Hakuna kilichozuka. Ilikuwa kamba ya usukani. Boti ya Kahonzi..."

"TOA MKONO!"

Ukelele huo ulisikika, wanasema, mpaka kwenye foleni ya feri. Sahani ya vyuma ilianguka. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Kioko, nyembamba, "Nimetoa. Nimetoa, mama. Niligusa kwa waya ya umeme tu."

"Zule, mbona unapiga kelele?" akauliza Mahadhi. "Nilikuwa wapi?"

"Spana," akasema, meno yakigongana. "Umeshagonga. Anazuka."

"Naam. Akazuka nyangumi, jicho moja tu kama sinia ya pilau..."

Mkono ukageuka.

Daktari alibandika kikaratasi pale alipokatazwa, akatafuta njia nyingine. Walirudia kisa kutoka mwanzo, na tena kutoka mwanzo. Mara moja zaidi nyangumi alipotea, na mara moja zaidi Zuleikha alipiga ukelele, na kikaratasi kikabandikwa. Kisha njia ikapatikana, nyembamba, katikati ya vikaratasi. "Nakaribia maji," akasema Kioko. "Mama, sasa ndio sasa. Hapa nikikosea hakuna kurudi nyuma."

Mahadhi alikuwa amefika kwenye ujira. Nyangumi amegoma kuondoka. Zuleikha alingoja kijaluba.

"Nyangumi akatazama abiria wote," akasema Mahadhi, "akakataa tambuu."

Mkono wa Zuleikha ulisimama hewani. Nyangumi hajawahi kukataa tambuu.

"Mama?" Kioko aliuliza. "Hiyo ni sawa?"

Zuleikha akakirudia kisa kichwani. Kisa kimevunjika. Lakini kimevunjikaje? Ugonjwa ulipokuja, ulimpokonya nyangumi, haukumwongezea. Au leo umegeuza njia? Akisema simama, daktari atarudi nyuma na chachu itabaki ukingoni, na Mahadhi atakuwa maiti kabla ya mwaka kuisha. Akisema endelea, na kumbe hiki ndicho kichwa kinachobomoka, atabaki na mume wa kumtazama tu.

"Mama! Nimeshika hapa. Niendelee ama niache?"

"Akakataa tambuu," Mahadhi akaendelea, sauti ya chini, "kwa sababu alikuwa na haya. Alikuwa jike. Tena alijitanda leso, ile ya rangi ya samli yenye pindo la korosho, ambayo mke wangu anatafuta mpaka leo, anafikiri iliibiwa kwenye kamba na dada yangu."

Mbeyu aligeuka kumtazama Zuleikha, na akashtuka, kwa maana yule mwanamke alikuwa anacheka. Machozi yanamwagika, mabega yanatikisika, na anacheka. Maradhi yangejuaje habari ya ile leso? Maradhi yangejuaje kwamba ndiyo iliyomgombanisha na wifi yake miaka na miaka? Ni Mahadhi peke yake duniani ambaye, kichwa chake kikiwa wazi kama dafu, angemchokoza mkewe.

"Endelea!" akasema. "Huo mpya. Ni wake. Sugua!"

Kioko akasugua.

*

Alipoamka, Mahadhi hakusema neno.

Si siku ile wala iliyofuata. Alifungua macho, akamtambua mkewe, akaushika mkono wake, akatazama dari. Daktari alisema ubongo umefura, utashuka. Zuleikha akamwuliza kama maneno yatarudi. "Sijui," akasema Kioko, na kwa mara ya kwanza neno lile likamchoma kama mafuta. Kumbe yeye ndiye aliyesema sugua. Alikaa kando ya kitanda akimlisha uji, akimwita majina yote aliyowahi kumwita, ya mapenzi na ya ugomvi, na yule muongo mkuu wa pwani nzima alikuwa akimtazama kimya kama picha ukutani.

Asubuhi moja Mbeyu aliingia kubadilisha bandeji. Akapapasa kile kijibomba chini ya ngozi, kijivimbe kidogo kama punje ya korosho, akachoma sindano yake ya dawa ndani yake taratibu.

"Pole, baba. Inauma?"

Midomo ya Mahadhi ilitikisika. "Ndani," akasema kwa taabu, "ndani ya hiyo... kuna redio."

Zuleikha aliangusha bakuli la uji.

"Redio?" Mbeyu akauliza.

"Inashika... mpaka Unguja."

*

Ilikuwa mwaka mwingine kabisa, baada ya mvua za masika, Mahadhi aliporuhusiwa kuketi barazani alasiri nzima. Alikuwa amekonda, kofia imemkaa upande kwa sababu ya kile kijivimbe, lakini picha za mashine zilikuwa zimerudi mara mbili na kando ya maji hapakuwa na lile wingu. "Kwa sasa," aliandika Daktari Kioko, na zaidi ya hapo hakuandika.

Siku hiyo Muhdhar alileta wageni, wafanyakazi wa chumvi kutoka Gongoni waliokuja kunyolewa, wakasikia kwamba kuna mtu aliyefunguliwa kichwa.

"Haya, muongo," akasema Muhdhar. "Waeleze hawa. Wamelipa nauli."

Jikoni, Zuleikha alitega sikio kwa nyangumi. Akamimina unga.

Mahadhi hakumtaja nyangumi. Alianza kueleza upasuaji. Akaeleza hospitali ya mteremkoni, ikawa vile ilivyokuwa. Akaeleza joho la kijani, pazia, waya, vikaratasi. Alieleza ukelele wa mkewe na sahani iliyoanguka. Kila kitu kilikuwa kama kilivyotokea, hakuongeza chumvi hata punje, na wale wa Gongoni, wanaoijua chumvi, walikuwa wakijipiga mapaja kwa kicheko.

"Uongo!" akapiga kelele Muhdhar. "Kichwa kimefunguliwa na unazungumza? Na mkeo amekaa anasikiliza? Bwana, nyangumi namkubali, lakini hili limezidi!"

Zuleikha hakucheka. Mkono wake ulikuwa umeinuka na kijiti, umeganda. Yeye peke yake katika Malindi nzima alijua kwamba mumewe alikuwa anasema kweli, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti tulivu, bila kukonyeza mtu. Ile baridi ya siku ya kwanza ikaanza kumpanda tena nyayoni. Mafuta yakatoa moshi. Ukingo wa vitumbua ukawa kahawia, ukawa mweusi. Alikuwa amekwisha kulitazama buibui lake pale lilipoangikwa.

"Basi daktari akafika kwenye ule ukuta wa maji," Mahadhi akasema barazani, "anakoishi mama wa uvimbe, yule anayezaa watoto wote. Akaingiza chuma chake. Akasugua. Akasema, mzee Mahadhi, nimemshika! Akamtoa, akamweka kwenye sahani. Tukamtazama sote."

"Akoje?" akauliza mmoja wa Gongoni.

Mahadhi akairekebisha kofia yake.

"Mdogo kama dagaa," akasema. "Lakini jicho lake, mwanangu! Jicho lake moja tu lilikuwa kama sinia ya pilau. Na amejitanda leso ya mke wangu."

Mkono wa Zuleikha ukashuka, ukageuza vitumbua vyote, kimoja baada ya kimoja. Upande wa pili ulikuwa makaa matupu. Akasema Alhamdulillahi, akaviepua, akavipanga kwenye sahani hivyo hivyo vilivyo, akajitanda, akatoka navyo yeye mwenyewe mpaka barazani, akaviweka mbele ya Muhdhar.

"Bi Zuleikha," akasema Muhdhar akivitazama, "hivi vimeungua."

"Kula," akamwambia. "Na huyo usimkatize tena."